Magadi Katika Udongo wa Susu

Nakumbuka asubuhi moja pale Malili, mwanangu, injini ya maji ilipokohoa, ikatoa mlio mkali kama chungu cha moto kilichomwagiwa maji baridi, kisha ikanyamaza. Wanawake waliokuwa wamepanga madebe na vibuyu vyao kwenye foleni wakageuka wote kumtazama mjomba wangu Nzioka, kana kwamba ni yeye aliyekata roho.

Ilikuwa miaka ya thelathini, kabla ya vita kuu vya pili, na mvua ilikuwa imetunyima msimu baada ya msimu. Mito yote ya mchanga ilikuwa imechimbwa hadi mwamba. Maji ya kutegemewa yalikuwa ya kisima kile kimoja, na kisima chenyewe kilikuwa shimo jembamba lililotobolewa chini sana. Ndoo haikupita. Bila injini kusukuma pampu, maji yalikuwa pale chini na sisi tulikuwa pale juu, basi.

Mwenye kisima alikuwa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe, Muislamu wa kutoka kaskazini mashariki. Alikuwa na duka Malili, lakini ndugu zake na wanyama wao walikaa Tseikuru, kule mwisho wa Kitui. Alimkabidhi injini mjomba wangu kwa sababu Nzioka alikuwa mhunzi, na karakana yake ya kufulia vyuma ilikuwa hapohapo kando.

Nzioka akafungua plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya injini. Akamwaga vipande vyeupe kiganjani. Ndani ya plagi hukaa kauri, na kazi yake ni kuzuia umeme usipotee kwenye chuma kabla haujafika mahali pa kutoa cheche. Kauri ile ilikuwa imepasuka vibaya.

"Nunua nyingine," nikasema.

"Wapi, Bwana Chuo?" Nzioka akaniuliza. Aliniita hivyo tangu niliporudi kutoka chuo cha Kampala na suruali ndefu na mdomo mrefu zaidi. "Injini hii ni mzee kuliko mimi. Walioitengeneza wamefunga kiwanda. Nairobi nimeshazunguka duka kwa duka, wananicheka. Plagi nene kama gunzi la mahindi, nani anaiweka dukani? Wanasema tuagize Ulaya. Meli ije lini?"

Mzee Abdi alikuwa ameketi juu ya tangi tupu, ameshika kichwa. Baadaye ndipo tulipojua. Ndugu zake walikuwa wameshaondoka Tseikuru. Walikuwa njiani na watoto na ng'ombe wote, wanakuja Malili, kwa sababu yeye mwenyewe aliwatumia habari kwamba hapa maji yapo. Watu wako porini, huwezi kuwaambia warudi. Na wangerudi wapi?

Sasa nikueleze nilivyokuwa, mwanangu, maana huenda nawe uko hivyo. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimuuliza mhubiri wetu kwa nini tunaombea mvua katika mwezi ambao haijawahi kunyesha. Nilimuuliza mjomba kwa nini anapiga nyundo mara moja juu ya fuawe kabla ya kuanza kazi, na aliponijibu kwamba baba yake alifanya hivyo, nikamuuliza kwa nini baba yake alifanya hivyo. Watu walinikwepa njiani. Sikuzaliwa kuamini kitu kwa sababu tu kimesemwa na mtu mwenye mvi, na hata leo mvi zangu mwenyewe siziamini sana.

Basi nikachukua vile vipande vya kauri, nikavitazama, na nikauliza swali ambalo lilimfanya Nzioka acheke hadi akakaa chini. "Kwani hii si chungu tu?"

"Chungu?"

"Udongo mweupe, mawe yaliyosagwa, moto mkali. Nimesoma. Hao wa Ulaya wana kitu gani zaidi?"

Nzioka akapangusa machozi ya kicheko. "Basi mwambie bibi yako akufinyangie."

Nikaenda kumwambia.

Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Susu, alikuwa mfinyanzi mwenye jina toka Malili hadi Salama. Kwetu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume alikaa mbali udongo ukikandwa. Lakini shida ya maji ilikuwa shida yake pia, na mimi nilikuwa mjukuu aliyemlea. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kaa pale kwenye mlango. Ukiuliza swali kabla sijakuita, nakutupia mwiko."

Udongo mweupe tuliupata kwenye ukingo wa mto mkavu. Mawe meupe ya kung'aa na yale yenye rangi ya waridi yametapakaa kila mahali huku Ukambani, watoto huyachezea. Tukayachoma, tukayatwanga, tukayasaga juu ya jiwe la kusagia nafaka, Susu akilalamika kwamba mwaka mzima tutakula unga wenye meno. Tukachuja kwa kitambaa hadi tukapata unga laini kama poda.

Akajaribu kuufinyanga kwa mikono. Haukukubali. Unga wenye mawe mengi namna ile haushikani, unameguka kama ugali wa jana. Nikasema basi tuumimine. Nilikuwa nimesoma kwamba kauri nyingine hutengenezwa kwa kumimina uji wa udongo ndani ya kalibu ya plasta, yaani umbo lenye nafasi tupu ndani yake. Plasta inakunywa maji, udongo unabaki umeganda katika sura ya ile nafasi. Mganga wa zahanati ya misheni alitupa kopo la plasta, ileile ya kufungia mifupa iliyovunjika, akasema iwapo itatuletea maji, hata mguu wake tuuchukue.

Kalibu ilinipa raha sana kuitengeneza! Tuligandisha vipande vya kauri ya zamani kwa nta ya nyuki, kisha tukaipaka nta tabaka juu ya tabaka ili inenepe kidogo, kwa sababu udongo hupungua ukikauka na hupungua tena ukichomwa. Tukaizungushia plasta nusu kwa nusu. Ilipokauka tukaitenganisha, na pale ndani palikuwa na umbo la plagi, tupu, linatusubiri.

Nikakoroga uji, nikamimina. Ukakauka, ukapasuka.

Nikakoroga mwingine. Ukapasuka.

Susu akaniita karibu, akaniwekea kipande kilichopasuka kiganjani. "Maji mengi," akasema. "Umeweka maji kama unanywesha ndama. Maji yakitoka yanaacha nafasi, udongo unakimbilia ile nafasi, unararuka."

"Nikipunguza maji haumiminiki. Unakuwa mzito kama gundi, hauingii kwenye kalibu."

"Basi hapo ndipo shida ilipo," akasema, akaenda zake kuangalia chungu cha chakula jikoni.

Hapo ndipo shida ilipokuwa kweli, mwanangu. Tulitaka uji wenye unga mwingi na maji machache, na bado utiririke. Ni kama kutaka mtu ashibe na awe mwepesi. Nikazunguka boma zima nikijisemea. Wakati huo akafika kijana aliyetangulizwa na msafara wa Tseikuru, midomo imepasuka kwa kiu, akamwambia Mzee Abdi kwamba wamevuka Kitui, kwamba ndama wameanza kuanguka, na kwamba watoto wanapewa maji kwa kifuniko. Mzee Abdi akaja hadi mlangoni kwa Susu. Hakuomba wala hakuhimiza. Akakaa chini tu, akaanza kusaga mawe pamoja nasi, mzee mzima na kanzu yake.

Susu akaniambia nimkorogee isyo, mahindi na maharagwe, niongeze magadi kidogo ili yaive upesi. Nikaongeza, nikakoroga, nikarudi mbio kwenye udongo wangu. Mkono wangu haujagusa bakuli, mwiko ukanishukia kwenye kifundo.

"Toa huo mkono! Umenawa?"

"Kwani nimeshika nini?"

"Magadi! Magadi hayakutani na udongo. Katika nyumba hii hayajawahi kukutana."

"Kwa nini?"

Mzee Abdi akainamisha uso asionekane akitabasamu.

"Kwa sababu mama yangu alikataza," akasema Susu.

"Na mama yako alikatazwa na nani?"

"Alikatazwa na chungu!" akafoka. "Unafikiri tulikaa tu tukatunga makatazo kwa kukosa kazi? Mimi mwenyewe nikiwa msichana nilikaidi. Nilikanda udongo na mikono yenye magadi. Nikajenga chungu kikasimama vizuri, nikageuka kuchukua kibuyu, kugeuka tena, kimekaa chini kama mlevi. Kimelegea chote, kimekuwa uji."

Nywele zikanisimama, mwanangu. Hata sasa ninapoandika haya zinanisimama.

"Susu. Uliongeza maji?"

"Maji gani? Hata tone."

"Kililegea bila maji?"

"Bila maji. Sasa unaruka nini?"

Nilikuwa naruka kweli. Nilikuwa nimemshika Mzee Abdi mabega namtikisa. Nzioka alitoka karakanani na nyundo mkononi, akauliza kama nimeumwa na nge. Unaona? Kile ambacho kwa Susu kilikuwa maafa, kwangu ndicho kilikuwa kitu chenyewe! Yeye hakutaka udongo unaolegea bila maji. Mimi nilikuwa nautafuta huohuo tangu mwanzo, na ulikuwa umefungiwa ndani ya katazo la jikoni.

Nikachota unga, nikaweka maji machache mno, ukawa rundo zito ambalo mwiko ulisimama ndani yake wima. Nikachukua chembe za magadi kwa ncha za vidole, nikanyunyiza, nikakoroga. Mwanzo kimya. Halafu mwiko ukainama. Ukainama zaidi. Nikainua bakuli nikaliinamisha, na lile rundo likatiririka, likashuka laini kama maziwa ya ngamia.

Susu akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akakunja uso. "Umeongeza maji."

"Sijaongeza."

"Nilipangusa jicho. Hapo ndipo ulipoongeza. Rudia, na safari hii mtungi wa maji naukalia."

Akaukalia kweli. Nikarudia, na uji ukatiririka tena. Nzioka akachovya kidole, akakinusa, kama fundi anayetafuta wizi. Mzee Abdi ndiye aliyetupa picha ambayo sijaisahau. "Wallahi, ni kama mbuzi kwenye lango la kisima," akasema. "Wakigandana, hapiti hata mmoja. Ukiwaachanisha kidogo tu, haohao, lango hilohilo, wanapita kama maji." Miaka mingi baadaye nilisoma vitabu vinene vilivyosema hivyohivyo kuhusu chembe za unga ndani ya maji: magadi hufanya chembe zisukumane badala ya kushikana. Vitabu havikuwa na mbuzi. Nilimkumbuka Mzee Abdi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nasaha yangu inapotoka.

Unga wetu wote, ule uliotuchubua mikono kuusaga, ulikuwa kwenye bakuli moja kubwa, umetengenezwa, tayari kumiminwa. Lakini damu ilikuwa imenipanda. Kama chembe chache za magadi zinafanya hivi, je, konzi nzima? Je, tukipunguza maji zaidi na kuongeza magadi zaidi? Sikumuuliza mtu. Nikanyunyiza, nikakoroga, nikanyunyiza tena.

Uji ukaanza kuwa mzito. Nikadhani haujachanganyika, nikaongeza. Mwiko ukasimama. Mbele ya macho yetu uji wote uliganda, ukawa ugali mweupe usiosogea, maana magadi yakizidi chembe hurudi kushikana.

Mzee Abdi akaangalia upande wa kaskazini.

Susu akavuta kigoda karibu nami, akakaa. Hakuinua sauti, na hilo lilinitisha zaidi ya mwiko.

"Mutua," akasema. "Watu wanasema unauliza mno. Mimi sijawahi kusema hivyo. Leo kama usingeniuliza, tungekuwa bado tunalia. Lakini nisikilize. Umeuliza udongo, udongo ukakujibu. Ukajibu kwa sauti, hata mimi niliyezibwa masikio na uzee nikasikia. Nawe kabla haujamaliza kusema, ukaukatiza kwa swali jingine. Mtu akikujibu, funga mdomo hadi amalize. Ulitaka nini kwenye bakuli hili?"

"Utiririke."

"Ulikuwa unatiririka?"

"Ndiyo, Susu."

"Basi." Akasimama, akafunga kitambaa kiunoni. "Twendeni tusage."

Tukasaga. Nakwambia tulisaga! Wanawake wa foleni waliacha madebe yao wakaja na mawe yao ya kusagia, maana habari ya udongo unaotiririka bila maji ilikuwa imeenea, na kila mmoja alitaka kuona. Wengine walikuja kumcheka Bwana Chuo, lakini walicheka wakisaga, kwa hiyo sikujali. Safari hii nilinyunyiza chembe chache, nikakoroga, nikasubiri. Kidogo, nikakoroga, nikasubiri. Uji ulipotiririka, Susu akachukua kibuyu cha magadi, akakiweka chini ya kigoda chake, akakalia.

Tukamimina. Katikati ya kalibu tulisimamisha mwiba wa nungunungu uliopakwa nta, ili ubaki mwanya wa waya. Plasta ikaanza kunywa. Ukiweka sikio karibu, ulisikia kama mtu anayefyonza mchuzi kwa adabu. Uji uliposhuka tuliongeza, hadi ukaacha kushuka. Tukauchomoa mwiba kabla udongo haujakaza, tukafungua kalibu, na hapo plastani kilikaa kitu cheupe, kizima, chenye shingo na mabega yake, kama kilichonunuliwa. Tukamimina vingine, maana mjomba alisema moto una njaa yake. Tukavikausha polepole ndani ya chungu chenye kitambaa kibichi. Havikupasuka, kwa sababu maji yalikuwa machache. Nilikuwa naenda kuvitazama kila saa kama kuku anayeatamia.

Kuchoma ilikuwa zamu ya Nzioka. Susu alifinyanga chungu kidogo chenye kifuniko, tukavitia vipande ndani, mjomba akakizika katikati ya makaa. Tukavuta mivukuto toka jua linachomoza. Makaa yakawa mekundu, yakawa ya manjano, yakawa meupe hadi hukuweza kuyatazama. Wanaume wakapokezana, nami nikavuta hadi mikono ikafa ganzi. Mchana Nzioka akasema basi, tuuache moto upoe wenyewe. Nikauliza kwa nini tusivitoe sasa. Susu akanitazama tu. Nikafunga mdomo.

Chungu kilipofunguliwa kesho yake, kipande kimoja kilikuwa kimepinda, kingine kimegawanyika, na kimoja kilikuwa kimesimama, cheupe, kinang'aa kidogo kama jino. Nzioka akakigusa kwa ncha ya ulimi, maana kauri isiyoiva hunata ulimini. Haikunata. Akakigonga kwa ukucha. Kikalia kama kengele ndogo.

"Ngai," akasema taratibu. Hilo ni jina la Mungu kwetu, na halitamkwi ovyo.

Alipitisha ndani yake waya aliouvuta mwenyewe, akakibana kwenye chuma cha plagi kwa pete ya shaba. Tukaenda kisimani, umati mzima nyuma yetu. Akazungusha mkono wa injini. Ikakohoa. Akazungusha. Kimya. Mzee mmoja akasema nyuma yetu, "Udongo ni udongo." Nikataka kugeuka nimjibu, Susu akanishika shati. Nzioka akakaza nati kidogo, akazungusha kwa nguvu zote, na injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika! Ikanguruma! Bomba likatema hewa, likatema matope, kisha likatema maji, maji mengi, baridi, na wanawake wakapiga vigelegele hadi injini haikusikika.

Vumbi la msafara wa Tseikuru lilionekana kesho yake mchana. Ng'ombe walinusa maji kabla ya watu kuyaona, wakaanza kukimbia kwa miguu isiyokuwa na nguvu ya kukimbia. Mzee Abdi alisimama langoni kwenye birika la kunyweshea na fimbo yake, anawaachanisha wasigandane, mmoja, mwingine, mwingine, na wote wakapita. Alikuwa analia waziwazi. Watoto walikunywa kwa viganja vya Susu.

Jioni ile Susu aliniita, akanitemea mate ya baraka kifuani kama desturi yetu, kisha akaninyooshea kibuyu cha magadi. "Rudisha jikoni," akasema. "Na ukanawe. Kwa vyungu vyangu bado ni adui." Hakuvunja katazo lake hadi alipofariki, na alikuwa na haki, kwani chungu cha kufinyangwa hakitaki kulegea.

Mwanangu, mimi ni mzee sasa, na bado nauliza. Usikubali mtu akuambie kuuliza ni utovu wa adabu. Ukikuta katazo la wazee wako, usilipite ukiinamisha kichwa, wala usilipige teke. Likalie karibu, uliulize lilizaliwa na nini. Huenda ndani yake kuna kitu walichokiona kwa macho yao, kikawadhuru wao, na wewe unakihitaji. Lakini jambo likikujibu, nyamaza. Lisikilize limalize. Badilisha kitu kimoja, ngoja, tazama, ndipo uguse kingine. Nimewaona vijana wengi wenye akili kali wakiharibu bakuli zima la unga uliosagwa na mikono ya wengine, kwa sababu hawakuweza kutulia na jibu walilolitafuta. Na haya yote usiyaamini kwa sababu nimeyasema mimi. Chukua udongo, chukua magadi, ujaribu. Chembe chache tu.

Ngai akupe maswali yasiyoisha na watu wa kukuvumilia. Akupe mikono isiyoogopa kusaga upya. Na siku utakayojibiwa, akuketishe karibu na mtu atakayekikalia kibuyu cha magadi.